Kashata za Njugu: Utamu Uanzao Katika Uteo



Wasomaji watukufu, mama zetu na dada zetu, juma hili sikuja na mas'ala ya twahara wala ya mirathi. Nimekuja na karai na mwiko. Tangu nilipohamia Kisumu kusomesha madrasa, kila nirudipo Mombasa kwa mapumziko huchukua mkobani mkebe wa kashata za njugu alizozipika mke wangu. Mkebe huo haufiki siku ya pili. Jamaa huzila pamoja na kahawa tungu baada ya Isha, kisha huuliza: mbona hizi zavunjika mara moja, wala hazinati menoni? Na mbona zetu hugeuka chenga, au huungua zikawa chungu? Nimeona heri nijibu hapa, ili jibu liwafikie wengi. Na ndani ya jibu hilo mna jambo lililonipata nyumbani kwangu, ambalo nisingependa nife nalo bila ya kulisema.

Sisi watu wa pwani tunazijua kashata tangu utoto. Ziko za nazi, ziko za ufuta, na ziko za njugu. Muuza kahawa hukaa na birika lake la shaba juu ya makaa, na kando yake sinia ya kashata, kwani uchungu wa kahawa hutafuta utamu wa kuandamana nao. Mapishi haya hatunayo peke yetu. Wahindi wana chikki, wanayoipika kwa njugu na sukari guru. Wafaransa hupika lozi kwa sukari iliyoungua kidogo, wakaviita vitamu hivyo praline, kwa jina la mkuu wa jeshi wa karne ya 17 aitwaye du Plessis-Praslin. Kote huko kazi ni ile ile: kokwa, sukari, moto na subira.

Njugu hizi tuzikaangazo hazikuwa za bara letu hapo kale. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliozileta Afrika katika karne ya 16. Kabla yake, babu zetu walikuwa na njugumawe, ambazo hadi leo hupikwa kwa tui. Lakini njugu karanga zilipofika zilipendwa, na hapa kando ya ziwa zimekuwa zao kubwa. Kina mama wa Ndhiwa na Rachuonyo, katika kaunti ya Homa Bay, huzilima na kuzileta sokoni kwa magunia. Sukari nayo iko mlangoni petu. Ukitoka Kisumu kuelekea mashariki katika uwanda wa Kano utayaona mashamba ya miwa ya Miwani, Chemelil na Muhoroni. Kiwanda cha Muhoroni kilianza mwaka 1966 na cha Chemelil mwaka 1968, na Miwani ni kikongwe kuliko vyote viwili. Reli iliyofika ziwani mwaka 1901, mji huu ulipoitwa Port Florence, ilitufungulia sisi na Wahindi njia ya kuja huku kwa wingi, na kila mmoja alikuja na vitamu vyake. Basi hapa Kisumu kila kiungo cha kashata kiko karibu, na ndiyo sababu kina mama wengi huzipika ili wauze.

Gunia la msimu wa mvua

Mke wangu naye huuza. Huweka sinia mbele ya mlango jioni, watoto wakitoka chuoni hununua, na majirani huagiza kwa ajili ya maulidi na arusi. Pesa hizo ndizo zinazonunua sare za shule, nami simwonei haya mtu kulisema hilo, kwani mshahara wa maalimu mnaujua.

Mwaka mmoja, katika mvua za masika, Ramadhani ilikuwa imekaribia na maagizo yalikuwa mengi. Nilikwenda mwenyewe katika soko moja, nikapata gunia la njugu kwa bei ya chini sana. Nilijiona nimebarikiwa. Nilipolifikisha nyumbani, mke wangu akatia mkono hadi kati ya gunia, akatoa konzi moja, akainusa. Kisha akazimwaga katika uteo, akakaa kimya. Za juu zilikuwa nzuri. Za ndani nyingi zilikuwa zimesinyaa, nyingine zina madoa meusi, na nyingine zina unga wa kijani uliozishika kama vumbi.

Nikamwambia, "Tutachagua zile mbaya zaidi, zilizobaki tuzikaange sana. Moto husafisha. Na sukari itaufunika uchungu."

Akaniuliza kwa upole, "Maalim, juma hili umewasomesha nini watoto?"

Nilijua anakusudia nini. Jumatatu yake niliwasomesha Hadithi ya Abu Huraira, iliyomo katika Sahihi ya Imamu Muslim: kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umaji. Mwenye chakula alipoulizwa alijitetea kwa mvua. Mtume akamwuliza ni kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakakiona, kisha akatoa onyo kali juu ya mwenye kughushi. Niliwafafanulia watoto kwa kirefu. Mke wangu alikuwa jikoni, akisikiliza.

Sikuwa na la kusema. Tulizimwaga njugu zile katika shimo, tukazifukia ili hata kuku wasizile, na maagizo ya juma lile hatukuyatimiza. Hasara ilikuwa yetu. Lakini tangu siku ile nimefanya bidii kujua lile jambo nililolisema bila ya elimu, kwamba moto husafisha, na nimekuta kuwa si kweli.

Sumukuvu ni nini?

Njugu zisizokauka vyema huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini, nasi kwa Kiswahili twaiita sumukuvu. Sumu hii haina rangi ya kuionea wala ladha ya kuitegemea. Kukaanga huipunguza, lakini hakuimalizi. Hudhuru ini, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika daraja la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Ikiwa nyingi huua kwa muda mfupi. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya nchi yetu, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yaliyoingia sumu hii. Kwa njugu, sheria ya viwango ya Kenya hairuhusu sumukuvu kuzidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja. Ni kiasi kidogo mno, ambacho jicho la mpishi haliwezi kukipima. Lakini jicho na mkono vyaweza kupunguza hatari kwa kiasi kikubwa, kwa sababu aghalabu sumu huwa nyingi katika punje chache zilizoharibika.

Basi kabla ya kuwasha moto, fanya haya. Nunua kwa mtu unayemjua, na umwombe akufungulie gunia hadi kati. Ukiweza, nunua njugu zikiwa ndani ya maganda yake, kwani ganda ni ngao. Ukizimenya mwenyewe usizinyunyizie maji ili ganda lilainike. Najua mikono huuma, lakini maji hayo ndiyo yanayomwita kuvu. Njugu iliyokauka sawasawa ukiitikisa ndani ya ganda lake hulia, na ukiivunja huvunjika kwa sauti. Zimwage katika uteo mahali penye mwanga, uchague punje moja moja: iliyosinyaa, iliyotoboka, yenye doa, iliyovunjika ikabadilika rangi, yote itoe. Hata baada ya kukaanga, ukiionja punje ikawa chungu, iteme. Nazo zilizotolewa usimpe kuku wala mbuzi, kwani sumu hiyo humdhuru mnyama, na huweza kukurudia katika maziwa.

Mapishi yenyewe

Vipimo hivi ni vya sinia moja ya nyumbani. Chukua njugu vikombe viwili, ambavyo ni kama gramu 300. Sukari kikombe kimoja na nusu, nayo ni gramu 300. Maji robo kikombe. Maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai. Chumvi kidogo, kiasi cha kubanwa na vidole viwili. Samli kijiko kimoja cha mezani. Iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, na apendaye tangawizi kavu aongeze kidogo.

Sema Bismillahi, ukaange njugu kwanza, peke yake, katika karai kavu na kwa moto mdogo. Zigeuze bila ya kusita kwa dakika 10 hadi 15. Ukiharakisha kwa moto mkali, nje huungua na ndani hubaki mbichi. Zikianza kunukia na maganda yake mekundu kupasuka, zitoe. Zikipoa kidogo zisugue kwa viganja, kisha zipepete kwenye uteo maganda yaruke. Zirudishe mahali penye vuguvugu, kwani njugu baridi zikitiwa katika shira huigandisha kabla hujaichanganya.

Kabla ya kupika shira, andaa kila kitu. Paka samli sinia, kijiti cha kusukumia chapati na kisu. Ukishaitoa shira motoni huna nafasi ya kutafuta kitu kabatini.

Sasa tia sukari, maji na ndimu katika sufuria nzito. Koroga hadi sukari iyeyuke, kisha, ikianza kuchemka, weka mwiko chini. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Shira ikikorogwa wakati inachemka, punje ndogo za sukari huzaliana, na ghafla sufuria nzima hugeuka chenga nyeupe. Ndimu ina kazi yake: ukali wake huigawanya sehemu ya sukari, na sukari iliyogawanyika huzuia hizo chenga zisishikane. Punje zikinata kando ya sufuria, zipanguse kwa kitambaa safi kilicholowa, ulichokifunga kwenye ncha ya kijiti.

Mwanzoni mapovu huwa makubwa na mepesi, kwa kuwa maji yanatoka. Baadaye huwa madogo, mazito na ya polepole. Hapo chukua bakuli la maji baridi, udondoshe tone moja la shira. Likiwa laini kama ubani uliotafunwa, bado. Likigumu na kuvunjika kwa sauti, limefika. Mwenye kipima joto ataona nyuzi 150 hivi za sentigredi akiwa mwambaoni, na kama 146 akiwa Kisumu. Sababu ni kwamba mji huu uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,130, na maji huchemka hapa kwa nyuzi 96 hivi. Bakuli la maji baridi, kwa upande wake, halijali Mombasa wala Kisumu, nami nalipendelea hilo.

Baada ya tone kuvunjika, subiri kidogo tu. Rangi itaanza kugeuka kuanzia kando: kwanza kama majani makavu, kisha kama asali. Zungusha sufuria kwa mpini wake ili rangi ienee. Ikiwa kama asali iliyokoza, itoe motoni papo hapo, kwani moto uliomo ndani ya sukari huendelea kuipika. Ikifika rangi ya kahawa, imeungua na itakuwa chungu. Tia samli, chumvi, iliki na njugu zenye vuguvugu, ukoroge upesi hadi kila punje ivae shira. Mimina katika sinia, usukume kwa kile kijiti hadi unene wa kidole cha mtoto, kisha ukate kwa kisu mara moja, ndani ya dakika moja au mbili, mistari minne kwa sita. Ukichelewa, hazikatiki tena, zitapasuka vipande visivyo na umbo. Hata hivyo utamu wake ni ule ule, na watoto hawagombi.

Anayependa sukari guru, ambayo hupikwa kwa wingi katika vinu vya huku Nyanza, aikate vipande, aiyeyushe kwa maji machache, aichuje takataka, kisha aipike hadi tone livunjike. Haihitaji ndimu. Lakini aipikie moto mdogo, kwani huungua upesi, na rangi yake nyeusi humficha mpishi ishara. Ategemee bakuli la maji.

Zikiharibika

Ikigeuka chenga, usiitupe. Ikiwa hujatia njugu, ongeza maji nusu kikombe, urudishe motoni, iyeyuke upya, uanze tena. Zikinata menoni, hukufikisha moto: tone lako halikuvunjika. Zikiwa chungu, ama shira imeungua, ama njugu zimeharibika, na kwa sababu hiyo ya pili ni bora kutupa kuliko kubahatisha. Zikilowa baada ya siku mbili, ni hewa. Sukari iliyopikwa hivi hunyonya unyevu, na sisi wa ziwani, kama nyinyi wa baharini, tuna unyevu mwingi. Zikipoa kabisa zitie katika mkebe mkavu wenye kifuniko kinachokaza, kila safu na karatasi yake.

Watoto na afya

Shira hii ni moto kuliko maji yachemkayo, nayo huganda juu ya ngozi. Watoto wasiwe jikoni wakati wa kuimimina. Mtu akiungua, weka mahali hapo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake unga, dawa ya meno wala samli, na jeraha likiwa kubwa au usoni, mpeleke hospitali.

Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima nzima, kwani hupaliwa kwa urahisi. Ukipika kwa ajili ya hafla, waambie wageni kuwa mna njugu, kwa sababu wako wasiozivumilia kabisa, na punje moja yaweza kuwafungia pumzi.

Tukumbuke pia kiasi. Sinia hii hutoa vipande 24, kila kimoja cha gramu 25 hivi, na nusu yake ni sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima ni bora isizidi gramu 25 kwa siku. Basi vipande viwili tu vimekwisha kuimaliza haki yako ya siku nzima, na hujanywa chai. Nyumba zetu zimejaa wagonjwa wa kisukari. Kashata ni ya kuonjwa na kahawa baada ya Taraweh. Haifai kuwa chakula cha usiku.

Kwa mama anayeuza

Dada yangu, ukiuza, hesabu kila kitu: njugu, zile ulizozitupa, sukari, makaa, karatasi, na saa zako. Wengi husahau hizo njugu zilizotupwa, kisha wakiona faida imepungua huanza kuchanganya mbovu na nzima. Ziweke katika bei tangu mwanzo. Kata vipande vilivyo sawa, kwani anayemuuzia mtoto kipande kidogo kwa bei ya kikubwa ameingia katika jambo ambalo Sura nzima, al-Mutaffifin, imeanza kwa kulionya. Na fiqhi yetu inampa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa akikuta aibu aliyofichwa. Mpe haki hiyo kabla hajaidai.

Ramadhani ile tuliyofukia gunia, majirani waliokosa kashata zao walitaka kujua sababu. Mke wangu aliwaambia ukweli: njugu zilikuwa mbovu, na Maalim ndiye aliyezinunua. Walicheka sana, nami nikacheka kwa shida. Lakini mwezi uliofuata walikuja tena, na wengine wapya wakaja nao, kwa kuwa walikuwa wamesikia kuna nyumba inayotupa njugu mbovu. Siku hizi siruhusiwi kwenda sokoni peke yangu. Hukaa naye alasiri, uteo mmoja kati yetu, tukichagua punje moja moja, na wanafunzi wangu wakipita hutuamkia na kuuliza zitakuwa tayari lini.

Namwomba Mwenyezi Mungu azibariki mikono ya kila mama apikaye kwa uaminifu, atujaalie chumo la halali, na atulinde na kuwala watu kwa utamu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.